Shangazi yangu wa Pumwani na daftari lake la kilomita

Mleta uzi

Wadau, salaam aleikum.

Shangazi yangu tulimzika wiki tatu zilizopita. Aliaga alfajiri, akasaliwa adhuhuri pale Riyadha, Pumwani, na alasiri haijaadhiniwa wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburi ya Kariokor, udongo bado viatuni. Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Hakuna anayesimama na karatasi kusoma wasifu wa marehemu, wala kijitabu chenye picha zake za ujana. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mikekani, na mwenye la kumsifu alimsifu kwa jirani yake wa kushoto na wa kulia. Silalamiki. Maiti kuharakishwa ni haki yake. Ila nina maneno yamenikaa kooni tangu siku ile, na humu ndimo ninamoweza kuyatoa bila mtu kuniambia nyamaza, unamlilia kwa sauti.

Kilichonichokoza ni rambirambi zenyewe. Kila aliyevua viatu mlangoni aliingia na neno moja: "Masikini, alijinyima sana kwa ajili yenu." Wa kwanza nilimwitikia. Wa ishirini nilitamani kumwuliza, alijinyima nini? Mwanamke aliyefika Kampala kwa treni akiwa na koti la babake, Kalokol ya Ziwa Turkana kwa lori la samaki, kilele cha Lenana cha Mlima Kenya kwa miguu yake, na akasomesha watoto saba, wawili tu wakiwa wa tumbo lake, huyo alijinyima nini hasa?

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, kifungua mimba wa bibi. Babu alifanya kazi kwenye bohari ya reli, na watu wa reli walikuwa na pasi za kusafirisha familia. Bibi alizitumia kwenda harusi na matanga Mombasa. Binti yake alizitumia kukariri stesheni. Mpaka uzeeni, ukimkuta anachambua mchele, midomo ilikuwa inacheza kama ya mtu anayevuta uradi: Konza, Ulu, Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei, Voi. Ukimkatiza anaanza upya kutoka Nairobi.

Alipofaulu kwenda shule ya bweni, wazee wawili wa mtaa walimfuata bibi kumwonya kwamba binti akisoma sana hukosa mume. Bibi, ambaye nyumba ya vyumba sita ya Majengo ilikuwa yake na kodi akiipokea kwa mkono wake, aliwauliza wao wenye wake wasiosoma wamewafanyia nini cha maana. Wakamaliza kahawa yao wakaondoka. Kisa hiki nilisimuliwa na bibi mwenyewe, na kila alipokisimulia idadi ya wazee iliongezeka. Mimi nimewaacha wawili kwa uaminifu.

Mwaka 1964 akaenda Makerere kusoma jiografia. Wakati huo Makerere, Nairobi na Dar vilikuwa vyuo vya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, kilichoanza 1963, kwa hiyo msichana wa Pumwani kwenda kusomea Kampala haikuwa kwenda ng'ambo, ni kupanda treni tu. Hiyo "tu" alikuwa akiitia yeye. Treni ilishuka Bonde la Ufa, ikapita Nakuru, ikakwea mpaka Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Timboroa aliisimulia mpaka anakufa. Koti la reli la babu lilimfika magotini. Mkebe wa samli aliofungiwa na bibi uligeuka jiwe, na mikate ya mofa akaila mikavu, anaimega kama mtu anayevunja kuni.

Akarudi na shahada, akawa mwalimu wa jiografia katika shule ya wasichana hapa Nairobi, na akaolewa na fundi cherehani. Naam, fundi cherehani. Msomi wa Makerere na mtu wa darasa la nne. Mtaa ulisema. Wapo waliosema Shangazi kapewa limbwata, wengine wakaligeuza wakasema ni yeye aliyempa mume, maana mume ndiye aliyekuwa anapika. Alikuwa anapika kweli, na wali wake wa nazi ulimshinda mkewe kwa mbali. "Nimemwoa pamoja na ramani zake," ndilo lilikuwa jibu lake kwa wote, na hakuwahi kuongeza jingine.

Nitaendelea baada ya isha.

Kitasa

Pole sana dada. Mungu amrehemu. Endelea, tumekaa mkao wa kula.

Jirani wa Shauri Moyo

Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiuun. Mimi namkumbuka na ile Peugeot 404 rangi ya maziwa. Akiegesha tu, watoto wanashuka, wanashuka, unajiuliza walikaaje humo. Dada, usije ukairuka safari ya Tanga. Mtaa mzima tuliwasindikiza.

Mzito wa Kuamini

Samahani kwa msiba, lakini hii ni hekaya. Mwanamke wa Majengo, mke wa mtu, anapanda Mlima Kenya? Na buibui lake? Tupunguze chumvi wadau.

Mleta uzi

Mzito wa Kuamini, nilikuwepo. Mwaka 1991, mimi nina miaka kumi na saba, yeye arobaini na saba. Buibui lilibaki nyumbani. Alivaa suruali nzito ya mumewe, iliyopunguzwa kiuno na mumewe huyo huyo, kanzu fupi juu yake, na mtandio kaufunga chini ya kofia ya sufu.

Tuliingia kwa lango la Naro Moru. Siku ya kwanza tulifika kambi ya Met Station, mita 3,050, na hapo nikadhani mlima nimeuweza. Siku ya pili ikanifundisha adabu. Ukishatoka msituni kuna mteremko wa tope na mashungi ya nyasi. Unakanyaga shungi, linalala, mguu unazama mpaka chini ya goti, ukiuvuta kiatu kinataka kubaki. Nililia. Shangazi hakunibembeleza. Aliniambia nitaje stesheni. Nikaanza na Konza, hatua moja stesheni moja, na nilipofika Voi akaniamuru nirudi kinyumenyume.

Pale kambi ya Mackinder's, karibu mita 4,200, pimbi walituibia mkate mchana kweupe, mmoja akakaa juu ya jiwe anautafuna huku anatutazama. Saa tisa usiku tukaondoka kuifuata Lenana, mita 4,985. Alfajiri ilitukuta kwenye changarawe, ile ambayo ukipanda hatua mbili unarudishwa moja. Alitoa dira, akatafuta kibla, ambayo kutoka pale ni kaskazini ikiegemea mashariki kidogo, akatayamamu kwa jiwe kwa sababu maji ya chupa yalikuwa barafu, akasali. Kijana wa Naro Moru aliyekuwa akituongoza alivua kofia, akasubiri.

Kule juu hakusema neno lolote la kukumbukwa. Alitoa daftari akaandika saa, kisha akaniuliza kama vidole vya miguu navihisi.

Picha ninayo, ila hiyo ni ya familia. Wewe endelea kuiita hekaya.

Mhasibu

Mleta uzi, kama ndiye ninayemdhania, alinifundisha kidato cha pili. Ukiandika "Nakuru iko kama kilomita 160 kutoka Nairobi", hilo "kama" alilikata kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika: Umepima au umesikia? Leo nafunga hesabu za watu, na swali hilo bado nalisikia kila mwisho wa mwezi.

Alitupeleka Olorgesailie, njia ya Magadi, tukatembea kwenye vile vidaraja vya mbao juu ya mashoka ya mawe ya watu wa kale. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini waliyaacha mengi namna ile mahali pamoja. Mwalimu akasema hajui. Tulitazamana. Hatukuwa tumewahi kumsikia mwalimu akisema hajui.

Mleta uzi

Ndiye. Sasa umenirudisha kwenye daftari.

Tulilikuta ndani ya sanduku la bati, chini ya mashuka ya harusi ambayo hayajawahi kutandikwa. Ni yale madaftari ya jalada gumu jeusi lenye mgongo mwekundu. Kurasa za kushoto ni za safari: tarehe, kilomita za kuondokea, za kurudia, lita za petroli, pancha. Kurasa za kulia ni za watoto: karo, sare, viatu, miwani, na pesa zilitoka wapi. Ukilifungua popote, mambo hayo mawili yanatazamana. Upande huu pancha mbili Gilgil, upande wa pili viatu vyangu vya shule, "posho ya kusahihisha mitihani". Jina langu kaliandika kwa penseli na kulipigia mstari. Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa.

Halafu kuna ukurasa wa 1973.

Wakubwa humu watamkumbuka Ahmed, tembo wa Marsabit aliyekuwa na pembe za kukaribia kugusa ardhi, ambaye Rais Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri mwaka 1970. Shangazi alitaka kumwona kabla hajafa. Likizo ya Agosti akaenda na walimu wenzake wawili, zaidi ya kilomita 500, na kutoka Isiolo kuendelea siku hizo ni vumbi na mawe tu. Mwanawe wa kwanza, miaka minne, alimwacha na baba yake na bibi. Siku ya pili mtoto akashikwa na homa, shingo ikakakamaa. Homa ya uti wa mgongo. Simu ya kumfuata huko alikokwenda haikuwepo. Baba na bibi walimkimbiza hospitali wakapokezana zamu kitandani pake. Shangazi akarudi siku ya tano, amejaa vumbi mpaka kope, na bibi alisema aliingia uani anaimba.

Binamu alipona. Sikio la kushoto halikurudi.

Kwenye ukurasa ule kilomita za kuondokea zipo. Za kurudia hazipo. Hakuna popote alipoandika kama alimwona tembo. Baada ya hapo kurasa za kushoto ni tupu, miaka miwili na nusu, huku za kulia zikiendelea: dawa, daktari wa masikio, dawa, daktari wa masikio.

Ahmed alikufa Januari 1974 na sanamu yake ikasimamishwa uani pale makumbusho ya Nairobi. Kila alipotupeleka makumbusho, Shangazi alisimama mbele ya sanamu ile muda mrefu bila kutueleza kitu, yeye ambaye hata kokoto alikuwa akiieleza. Miaka yote hiyo nilidhani anapenda tembo.

Safari ya kwanza baada ya lile pengo ni Magadi. Na kando ya kilomita, kwa mara ya kwanza, kuna majina ya waliokuwa garini. Watoto watano. Kuanzia hapo mpaka ukurasa wa mwisho hakuna safari isiyo na majina. Hata lile lori la samaki la Kalokol lina majina mawili, na mojawapo ni la yule binamu. "Tutakwenda sote," alikuwa akisema kila likizo, sisi tunaruka ruka, tukidhani ni ukarimu wake tu.

Watu wangemwelewa zaidi kama angeacha kusafiri. Mama mkwe wake alimwambia hivyo bila kumung'unya. Hakuacha. Alinunua gari kubwa zaidi.

Mzito wa Kuamini

Nimenyamaza. Nisamehe dada yangu.

Mtoto wa Ngamiani

Na Tanga je? Mimi ni wa huko, nimeona imetajwa nikasimama.

Mleta uzi

Haya, Tanga.

Shangazi mdogo, dada yao wa mwisho, aliolewa Ngamiani. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo, na bibi akakatiwa binti yake. Miaka sita na ushei. Barua zilikuja kwa kusuasua: nimejifungua, nimejifungua tena, kitoto kimeota jino. Bibi hakujua kusoma, alikuwa akiziweka chini ya mto.

Mpaka ulipofunguliwa Novemba 1983, shule zilikuwa zinafungwa na kila mtu alikuwa na jambo lake. Shangazi akasema tutakwenda sote. Tulitoka alfajiri watu tisa, bibi mbele, mimi wa miaka tisa nyuma kabisa pamoja na mizigo. Mizigo yenyewe ilikuwa sukari, mafuta ya kupikia na miche ya sabuni, kwa sababu kule bidhaa zilikuwa zimeadimika. Asichokifikiria ni kwamba mwaka huo huo Tanzania ilikuwa inawasaka wahujumu uchumi, na mtu mwenye sabuni nyingi hakuwa mtu wa kuaminika.

Namanga, upande wa pili, afisa mmoja akafungua buti akasimama. "Mama, hii ni biashara." Shangazi hakubishana. Alizunguka akafungua mlango wa mbele, akamshusha bibi taratibu, akampa mkongojo wake. "Huyu ni mama yangu. Ana wajukuu wanne Tanga hajawahi kuwatia machoni. Sabuni ni ya kuwaogesha kabla hajawabusu." Yule afisa alimtazama bibi, akatutazama sisi tulivyopangwa kama dagaa, akacheka. Akafunga buti mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huko mche mmoja mnanunua ngapi?" Shangazi akampa mmoja, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Arusha, Moshi, Same, Mombo, Korogwe. Tulifika usiku, mtaa hauna umeme. Shangazi mdogo alitoka na kandili, na sitaeleza vilio, vilio havielezeki. Ninachokumbuka ni bibi. Hakukaa wala hakutaka chakula. Aliomba ndoo. Akavua mtandio, akapandisha mikono ya gauni, akawapanga wajukuu wake wanne uani kwa urefu na kuwaogesha mmoja mmoja kwenye mwanga wa kandili, anawasugua visigino kana kwamba wametoka shambani, povu linatiririka mpaka mlangoni. Aliyefuata akawa mimi, ingawa nilikuwa wa Nairobi na sikuhusika.

Shangazi alikuwa amekaa kizingitini, magoti yamefumbata daftari, anaandika kilomita.

Mtoto wa Ngamiani

Umenitoa machozi. Mwaka ule tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, unayaponda yanatoa kapovu kidogo, nguo inatoka na harufu ya shamba. Nakumbuka mtoto wa jirani alivyokuja shule ananukia sabuni na sisi tukawa tunamnusa shingo. Huenda alikuwa mmoja wa wale wanne, Mungu ndiye ajuaye.

Kitasa

Na uzeeni alikuwaje? Watu wa namna hii wakikaa nyumbani huwa wakali.

Mleta uzi

Alikuwa mkali tangu zamani, uzee haukuongeza kitu.

Mengine nayapitisha mbio maana usiku umekwenda. Shahada ya pili aliichukua Chuo Kikuu cha Nairobi akiwa amevuka arobaini, akisomea jikoni sisi tukishalala. Mwaka 1985, mkutano wa dunia wa wanawake ulipofanyika hapa mjini, alirudi nyumbani na wageni watatu waliokosa hoteli, na sisi tukalala mzungu wa nne wiki nzima. Mumewe alipofariki aliacha kupika kabisa, akawa anakula kwetu kwa zamu, na kila nyumba akiikosoa wali.

Reli mpya ilipoanza 2017 akataka kwenda Mombasa. Tukaenda. Alinuna njia nzima: treni inapita juu ya tuta, stesheni ziko mbali na miji, na hakuna mtu wa kukuuzia ndizi dirishani. Stesheni alizitaja hata hivyo, zile za zamani, hata zilizokuwa hazionekani. Hiyo ndiyo safari ya mwisho daftarini. Mwandiko unatetemeka. Majina kumi na moja.

Jumapili iliyopita binamu alikuja na gari lake tukawapakia watoto, tukashuka Magadi. Kutoka Nairobi yenye zaidi ya mita 1,600 unateremka mpaka karibu 600 pale ziwani, masikio yanaziba yanazibuka, na watoto wakawa wanapiga kelele kila yanapozibuka. Binamu akacheka, akasema yeye atazibukiwa na moja tu. Watoto waliokota mabonge meupe ufukoni, nikawaambia ndiyo magadi wanayotiliwa kwenye maharagwe, hawakuamini, mmoja akalamba.

Jioni binamu akaniachia daftari niandike. Majina nikayaandika yote. Kilomita sikuwa nimetazama tulipokuwa tunaondoka, nikaandika "kama 230, kwenda na kurudi", nikalifunga nikalala.

Asubuhi nimelifungua. "Kama" imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni, kwa mwandiko wa binamu: Umepima au umesikia?